Mlangoni pa Nyumba ya Maalim Faki

Nyinyi mnaoishika kazi sasa mmeniambia nikae niandike, kwa kuwa nikizungumza nazungumza sana, na mkishatoka hapo nusu mmeisahau. Haya, nimekaa. Skuli niliishia darasa la tatu, huko kwetu Marafa, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kamati. Sitaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Nitaeleza kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa kumkaribisha mtu huku humwamini.

Nyumba mwaijua, lakini karatasi husafiri, basi nitamweleza asiyeijua. Ni nyumba ya mawe hapa Mambrui, nyuma ya msikiti, ambamo Maalim Faki Bwanakombo alizaliwa, akatunga, akafa. Alikuwa mtunzi wa tenzi na hadithi, na wengi wa pwani hii walimsoma utotoni. Alipofariki, binti yake Bi Time alikubali vyumba vya mbele vifunguliwe kwa wageni, yeye akabaki vyumba vya nyuma. Kaburi la Maalim limo uani, karibu na kisima, kwa hiyo liko upande wa Bi Time, si upande wa wageni. Hilo likumbukeni.

Mimi nilikuja kufagia. Nilikuwa mke wa mtu hapa mjini, Mgiriama niliyeolewa Mambrui, watoto wangu wameshakua. Aliyenipokea ni Mzee Salimu, rafiki wa Maalim tangu chuoni kwa walimu wa Kurani, na ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kwanza. Nilitaraji anipe ufagio. Akatandika mkeka kwenye pembe ya sebule akaniambia, "Kaa hapo. Watazame."

Wakaja wageni wa Nairobi, mume na mke na shemeji yao. Wakazunguka, wakashukuru, wakaenda zao. Mzee Salimu akaniuliza, "Nani ameshika kiti cha Maalim?"

"Yule mwenye kofia."

"Na nani aliyetaka kukishika akajizuia?"

Sikujua.

"Huyo ndiye wa kuangaliwa," akasema. "Aliyeshika ameshamaliza hamu yake. Yule mwingine atarudi."

Na shemeji mtu akarudi kweli, baada ya swala ya alasiri, ati amesahau mwavuli. Mwavuli wenyewe hakuwa nao alipokuja. Mzee Salimu alimpokea kwa heshima, akamkalisha kwenye baraza ya nje, akamwagizia kahawa, akazungumza naye mpaka mtu akachoka akaenda. Ndani hakuingia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ufagio nilipewa siku ya pili.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Ufagio wa chelewa wa sakafuni, na mwingine mdogo wa kwenye nakshi za milango. Kitambaa cha kanga kuukuu, kwani kitambaa kipya hukwaruza mbao. Dizeli ya kupaka miguu ya meza, maana mchwa wa Mambrui hawajui huyu alikuwa mtunzi. Dawa ya nondo ndani ya kasha la kanzu. Grisi ya bawaba, si mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hukaribisha chungu na sisimizi wengine, na hewa ya bahari inakula chuma vilevile. Vyombo vya Maalim ni vile mnavyovijua: meza, kiti, kofia mbili, dele la kahawa, na miwani.

Miwani ndiyo iliyonizeesha. Sijui kwa nini, mtu akiona miwani ya marehemu hutaka kuivaa. Mwalimu Katana wa Ganze, mtu mzima na adabu zake, aliivaa akaisahau usoni, akatoka nayo akiwaongoza watoto wa skuli hadi karibu na msikiti. Nilimfuata kwa nyuma bila kupiga kelele, nikitaka kujua ataivua au hataivua. Alipojikwaa kwenye jiwe ndipo alipojigusa uso. Akasema, "Bibi, nisamehe, niliona kiza nikadhani ni sukari yangu." Nilimsamehe. Lakini alipokuja mwaka uliofuata nilitembea naye bega kwa bega.

Wageni wana aina zao na mtazijua. Wa kuogopwa si wanaoshika vitu. Ni wale wanaopiga picha pembe ya kiwanja. Mtu aliyekuja kwa ajili ya tenzi hupiga picha mlango, au meza, au uso wake mwenyewe mbele ya meza. Ukimwona amesimama kwenye ukuta wa nyuma, simu imeelekea mahali ambapo hapana kitu ila mawe na majani, muulize jina lake na la babake. Ardhi ya pwani hii mwajua ilivyo. Kila panapopendeza kuna mtu ameshapahesabu.

Mzee Salimu miguu ilipokataa alikaa nyumbani kwake, na ufunguo ukawa kwangu. Sikupenda kuubeba. Nilikuwa nimezoea kushuku kwa niaba ya mtu mwingine.

Miaka hiyo ndipo kamati inayosimamia nyumba ilipopata fikra ya kututoa sisi waangalizi, kutupeleka kuona wenzetu wanavyotunza kumbukumbu za watunzi huku kwetu. Malindi tulionyeshwa chumba cha picha na vitabu ndani ya kioo. Kioo kilinipendeza. Kilikuwa na kufuli, na mtunzaji wake, Bi Dama, alizivaa funguo shingoni ndani ya nguo. Huyo niliona ni mtu wa kazi.

Watamu tulipelekwa kwa Shekue. Shekue ni mtoto wa ndugu yake Maalim, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, aliyetangulia kufa. Ana nyumba ya kulaza wageni kule, na chumba kimoja cha ghorofani amekiandikia kwamba Maalim Faki alikuwa akija kutungia humo, akitazama bahari. Ndani mna meza, kalamu, na shuka jeupe. Wageni wa kizungu hulala humo, na kwa kulala humo hulipa zaidi. Nilimuuliza, "Maalim alikuwa akija lini, Bwana Shekue?"

"Siku nyingi. Wewe hukuwa umeanza kazi."

"Na ngazi alikuwa akizipanda?"

"Taratibu."

Nilizihesabu zile ngazi kwa macho. Maalim goti lake lilikuwa bovu tangu ujanani, na kwetu Mambrui hata kupanda baraza ya msikiti alikuwa akishikwa mkono. Shekue akanitia chai, akaniuliza Bi Time hali yake, akauliza kama analala vizuri, kama anakula, na kama kuna mtu huja kumzungumzia habari za nyumba. Hilo la mwisho alilisema akikoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka.

Mwisho tulifika Kilifi. Maalim alifundisha Kilifi kabla ya kurudi kwao, na wanafunzi wake waliweka jiwe nje ya darasa lake la zamani, lina jina lake na maneno ya kumwombea. Jiwe tu. Chini yake hapana mtu. Wenzangu walisoma, wakapiga picha, wakarudi kivulini. Mimi nilibaki, kwa sababu kando ya lile jiwe palikuwa na mrehani umepandwa, si mmoja, na udongo wake ulikuwa umetiliwa maji asubuhi ile ile.

Nyinyi wa mjini mtauliza mrehani una nini. Mrehani hupandwa kaburini, na anayeupanda ni mwenye maiti: mtoto, mke, mama. Mgeni hapandi. Mwanafunzi hapandi. Na hapandi mtu yeyote kwenye jiwe lisilo na maiti, isipokuwa mtu ambaye kaburi lenyewe hawezi kulifikia. Bi Time alikuwa hajatoka Mambrui tangu mamake afe. Nikamuuliza mlinzi wa pale, Mzee Charo, ni nani anayetia maji.

"Kuna mama huja," akasema. "Hasemi kitu. Anasafisha, anaenda zake."

"Wa wapi?"

"Hawe, bibi yangu, mimi nalinda madirisha. Jiwe haliibiwi."

Nilirudi Mambrui na jambo hilo kichwani na sikumwambia Bi Time.

Haukupita muda mrefu, siku moja asubuhi, nikapigiwa hodi. Mwanamke wa makamo, buibui safi, mfuko mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Viatu hapo. Watoka wapi?"

"Mtwapa. Naitwa Riziki."

"Umekuja kumwona Maalim?"

"Nimekuja kuona nyumba."

Hilo nililitia akilini. Nikamzungusha kama ninavyomzungusha kila mtu, nikasema maneno yangu niliyofundishwa na Mzee Salimu: Maalim alizaliwa humu, alisomea hapa, akaoa, akafundisha Kilifi, akarudi, akajaaliwa mtoto mmoja, binti.

"Nani kasema mmoja?" akauliza.

"Ndivyo tusemavyo."

"Najua ndivyo msemavyo. Mtu wa Mtwapa alikuja hapa na watoto wa skuli akanisimulia. Nauliza nani kasema."

Nikamwelekeza kwenye meza. Hakushika kiti, hakuitazama miwani. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa uani. Akaomba kuona kaburi.

"Wageni hawaendi uani. Kule ni kwa mwenyewe."

"Mimi si mgeni."

"Mwanangu, hapa kila mtu huniambia hivyo. Wasio wageni huwa hawanipigii hodi mimi."

Akafungua mfuko wake. Ndani kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo mche wa mrehani. Nikamuuliza kama ndiye wa Kilifi. Akasema, "Kule pana jiwe. Nilipanda kule nikijua huku sitafunguliwa. Na naona sikukosea." Akavaa viatu vyake akaenda, na kopo lake.

Hapa lazima niwaeleze kwa nini sikumfungulia, maana kuna waliosema nilikuwa na roho ngumu. Maalim alipofariki mkewe alikuwa ameshatangulia. Mtoto aliyejulikana ni Bi Time peke yake, na wa upande wa ubabani ni Shekue. Kwa sheria yetu binti akiwa mmoja huchukua nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ya Shekue. Kwa miaka mingi hakuisemea. Kisha hoteli zikaanza kutambaa kuja upande wetu, na Shekue akaanza kuja na watu wanaopiga picha ukuta wa nyuma. Alitaka kuuza. Bi Time alikataa, akasema kaburi la babake haliuzwi pamoja na kisima. Nusu kwa nusu, mambo yakasimama hapo.

Sasa atokee binti wa pili. Mabinti wawili huchukua sehemu mbili kwa tatu baina yao, na Shekue hubaki na moja. Kila mmoja sehemu moja, basi. Na wakiwa watatu, wawili wakikubaliana, wa tatu hana nguvu. Mimi mwenye darasa la tatu niliiona hesabu hiyo palepale mlangoni. Nikajiuliza, huyu Riziki ametoka Mtwapa kwa mrehani, au ametolewa Watamu kwa nyumba? Bi Time alikuwa mzee, hana mume, hana mtoto. Ingeuzwa ile nyumba, angekwenda kukaa wapi?

Nilikwenda kwa Mzee Salimu. Nilimkuta kitandani, amejiegemeza mto, redio sikioni. Nikamweleza kuna mwanamke wa Mtwapa anadai ni mtoto wa Maalim, na kwamba nahisi ametumwa na Shekue.

Akazima redio. "Anaitwa nani?"

"Riziki."

Akaiweka redio kando. Kisha akauliza, "Mamake, Mwanahawa, yu hai?"

Jina la mama mtu sikuwa nimelitaja. Sikuwa nalijua.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeangalia chini kwanza. Akasema Maalim alipokuwa Kilifi alioa, ndoa ya halali, mwanamke aliyekuwa akiwapikia walimu mahamri. Akamficha mkewe wa Mambrui, ambaye alikuwa mgonjwa na mwenye hasira, akangoja apate nafuu amwambie, na nafuu haikuja. Mwanahawa alichoka kungoja, akahamia Mtwapa na mtoto. "Nilikuwa shahidi," akasema. "Mimi na Athumani wa Mtondia, yule muuza kahawa. Maalim alinishika mkono nisiseme."

"Na yale maneno ya mtoto mmoja, uliyonifundisha niwaambie wageni?"

"Ndiyo hayo."

"Mzee Salimu, umenifundisha kumshuku kila aingiaye mlango ule."

"Na wewe ukaniacha mimi bila kunishuku," akasema. Akaomba maji.

Niliondoka nimejua kwamba Riziki ni mtoto wa Maalim. Lakini mtoto wa mtu anaweza vilevile kuwa ametumwa. Hilo lilikuwa halijajibiwa.

Mwezi ule ulikuwa wa hitima. Kila mwaka tunamsomea Maalim hitima, wanaume barazani na sebuleni, wanawake uani tunapika. Siku hiyo mlango wa uani huwa wazi, sina nguvu nao. Tulikuwa tumeshawasha moto, Bi Time ameketi juu ya kibao chake akichambua mchele, mara Riziki akaingia na kopo lake la mrehani. Mariamu wa Kombo, jirani yetu, mwenye ulimi, akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akamnong'oneza mtoto alete kiti.

Kiti kikaletwa, kikawekwa kivulini. Mtu wa nje angeona ni heshima. Kwetu, siku ya shughuli, kiti hupewa mgeni: akae, ahudumiwe, ale, aende. Riziki alikitazama kile kiti na hakukaa. Uso ulimvimba.

Bi Time hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. Akasema, "Kiti cha nini? Nazi hazijakunwa."

Kisha kwa mguu wake akaisukuma mbuzi ya kukunia nazi kuelekea kwa yule mwanamke.

Riziki akaweka kopo chini, akafunga mtandio wake nyuma ya shingo, akaikalia mbuzi. Mariamu hakuweza kujizuia. "Nasikia Mtwapa siku hizi mwanunua tui la pakiti."

"Twanunua," Riziki akajibu, ameshaanza kukuna. "Lakini tukiwa na marehemu wetu twakuna."

Wengine wakacheka, na Mariamu naye akacheka. Alipomaliza nazi, Bi Time akamwonyesha kaburi kwa kidevu, na yeye akaenda akapanda mrehani wake, peke yake, akakaa huko mpaka wali ukaiva. Nilimwangalia mikono muda wote.

Na nilifanya vyema kutolegea. Watu walipotawanyika nilikuwa mlango wa mbele nikihesabu kofia za Maalim, nikasikia sauti ya Shekue barabarani. "Dada, dada yangu, njoo nikufikishe." Alikuwa amesimuliwa habari yote barazani na tayari ameshapata dada. Akamfungulia mlango wa gari. Riziki akaingia. Gari likaondoka, si kwa barabara kuu moja kwa moja, likapita kwanza taratibu ukutani kwa nyuma, nikauona mkono wa Shekue umetoka dirishani akimwonyesha mpaka wa kiwanja.

Nilimwambia Bi Time. Akasema, "Nimeona."

"Na wasemaje?"

"Nilimpa mbuzi, sikumpa amri," akasema, akaingia chumbani kwake. Siku zile hakula vizuri. Alianza kuviondoa vitu vyake kasha moja akivitia jingine, bila maana, kama mtu anayejaribisha kuhama.

Kwa kadhi tulikwenda Malindi, ili Riziki atambuliwe na urithi ugawanywe upya. Mzee Salimu alibebwa na wajukuu mpaka ndani. Athumani wa Mtondia alikuja na mkongojo. Wote wawili walitoa ushahidi wa ile ndoa. Nilidhani Shekue atapinga, kwani kwa Riziki kukubaliwa sehemu yake inapungua. Hakupinga hata neno. Alikaa akitabasamu. Alikuwa ametoa kidogo ili apate mwenzake wa kuuza.

Kadhi akahukumu: mabinti wawili, sehemu zao hizi, na ya Shekue hii. Tukatoka nje tukasimama kwenye kibaraza. Shekue akamgeukia Riziki mbele yetu sote.

"Haya, dada. Tumalize. Mtu wangu yuko tayari tangu juzi. Mimi na wewe tukikubali, Bi Time naye atapata haki yake, akajenge popote apendapo."

Riziki akauliza, "Kaburi litakwenda wapi?"

"Litazungushiwa ukuta. Watalitunza."

"Nani?"

"Wenye hoteli."

"Nami nikitaka kuingia nimpigie hodi nani?"

Shekue akacheka. "Dada, tuliyazungumza haya garini."

"Uliyazungumza wewe," akasema. "Mimi ulinipa lifti. Nikakushukuru kwa lifti. Sehemu yangu itakaa pamoja na ya Bi Time. Wewe chukua yako upande wa barabarani, pale penye uwazi, ujenge chumba kingine alicholala babangu."

Mzee Salimu, aliyekuwa amekalishwa kwenye ngazi, alianza kukohoa, na ilituchukua muda kujua kwamba anacheka. Shekue alikwenda zake bila kumuaga mtu. Bi Time akasogea. Alimshika Riziki mkono, kwa juu ya kiwiko, namna unavyomshika mtu unayetaka akusaidie kushuka ngazi, akashuka naye.

Mimi nilikuwa bado namtazama Riziki. Nikamuuliza palepale, "Na wewe wataka nini?" Maana kila mtu hutaka kitu.

"Na wewe nina neno moja tu, bibi," akasema. "Yale maneno unayowaambia wageni."

Nikamwambia maneno hayo si yangu ya kubadilisha, ni ya mwenye nyumba. Tukamwangalia Bi Time. Bi Time alikuwa anatazama barabara. Siku hiyo tukarudi Mambrui bila jibu. Riziki alikwenda kwao Mtwapa. Miezi ile iliyofuata mimi nilipofika pale kwenye habari za watoto niliruka. Nilisema alioa, akafundisha Kilifi, akarudi, kisha nikaenda kwenye meza. Baadhi ya wageni waliona kuna kitu kimerukwa, lakini wakadhani ni uzee.

Wiki yangu ya mwisho ya kazi wakaja wageni wengi wa Kilifi, wanafunzi wa zamani wa Maalim, wazee watupu. Riziki alikuwapo, amekuja kutilia maji mrehani, akasimama nyuma yao karibu na mlango wa uani, mtandio mabegani. Nilianza kusema. Nilipofika pale, nikamwona, na ulimi haukuruka. Nikasema, "Alioa hapa, na Kilifi akaoa vilevile, na akajaaliwa mabinti wawili, Riziki na Time."

Mzee mmoja wa mbele, Bwana Ngumbao, mwenye fimbo ya fedha, akanikatiza. "Bibi, mimi nimekuja hapa mara nyingi. Siku zote mwatuambia mmoja."

"Tulikuwa hatujui," nikasema.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Tangu nyumba ifunguliwe kwa wageni Bi Time hakuwahi kuingia sebuleni wakati wao wamo. Hata akitaka kitu alinigongea ukuta. Alisimama kizingitini na kanga yake ya jikoni, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umemgusa Riziki mgongoni.

"Tulijua," akasema. "Mama alijua, na mimi nilijua. Endelea, Bi Sidi."

Nikaendelea. Nikawaonyesha meza.